Mfahamu Mikheil Kavelashvili, Straika wa Zamani wa Man City Aliyeapishwa Rais Huku Raia Wakimwonyesha Kadi Nyekundu

Kama ulianza kushabikia Manchester City enzi hizi za Haaland, huenda jina Mikheil Kavelashvili ni geni kwako. Lakini huyu msee alivaa hiyo jezi, na sasa ni rais wa Georgia. Si lile jimbo la Marekani, ni ile nchi iliyopakana na Urusi na Uturuki.

Boli yake ilikuwaje?

Alizaliwa 1971 na akaanzia Dinamo Tbilisi. City walimchukua Machi 1996. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Man United, na manze akafunga! City bado walichapwa 3-2, kisha msimu ukaisha wakishushwa daraja. Alitoka huko na magoli 3 pekee ya ligi. Mgeorgia aliyewabamba mashabiki wa City kabisa alikuwa kiungo Georgi Kinkladze. Kavelashvili alienda Uswisi akachezea vilabu kadhaa. Timu ya taifa alicheza mechi 46, magoli 9.

Siasa je?

2015 alitaka kuongoza shirikisho la soka la Georgia, akazuiwa kwa kukosa digrii. Mwaka uliofuata akaingia bunge kwa tiketi ya chama tawala, Georgian Dream.

Desemba 14, 2024 akachaguliwa rais, lakini si na raia. Ni jopo la watu 300 lililopiga kura, yeye akiwa mgombea pekee, na akapata kura 224.

Wakati huo Tbilisi ilikuwa imejaa maandamano. Waziri Mkuu Irakli Kobakhidze alikuwa ametangaza kwamba mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya yatawekwa kando hadi mwisho wa 2028. Siku ya kura, waandamanaji walipiga boli nje ya bunge na wengine wakainua digrii zao juu. Alipoapishwa Desemba 29, wakamwonyesha kadi nyekundu.

Mfananishe na Weah

George Weah wa Liberia pia alipitia City, mwaka 2000. Naye alichekwa kuhusu masomo alipogombea urais 2005, akashindwa. Buda akarudi darasani, akajaribu tena, na 2017 raia wenyewe wakampa kura. 2023 walipomkataa, alikubali matokeo akamtakia mpinzani wake mema.

Ona tofauti. Wote walikuwa mastraika, wote walichekewa masomo, wote wakafika ikulu. Lakini mmoja alipewa kiti na raia, na ni raia hao hao walimtoa. Mwingine hakuwahi kupelekwa mbele yao.

Kwa hivyo siku nyingine ukiskia staa wa boli anataka kiti, usiulize alifunga magoli mangapi. Uliza nani anampigia kura, na nani ataweza kumtoa.