Majivu ya Kashan

Wanaosifu vyombo vya Kashan, mji wa Uajemi uliovuma kwa ufinyanzi katika karne ya 12 na ya 13, huanza na rangi: buluu ya kobalti, na michoro inayometa kama dhahabu ingawa ni ya fedha na shaba. Nadhani wanaanzia mwisho. Ubora wa chombo uliamuliwa kabla mchoraji hajashika brashi, pale malighafi zilipokuwa zikisagwa na kuchomwa. Shahidi wetu ni Abu'l-Qasim, mwana wa ukoo wa wafinyanzi wa mji huo, aliyeieleza kazi yao kwa maandishi mwaka 1301. Udongo wa kufinyangia, asema, ni mafungu 10 ya jiwe jeupe aliloliita jiwe la sukari, fungu 1 la kioo kilichosagwa na fungu 1 la udongo mweupe. Kioo chenyewe walikipika: jiwe lile liliyeyushwa pamoja na majivu ya mimea yenye magadi, karibu nusu kwa nusu, kisha likamwagwa majini. Hayakuwa madaha. Magadi huyeyuka katika maji, hivyo majivu mabichi hayafai kupakwa. Chumvi yake hunyonywa na chombo, na jiwe linalobaki juu haliyeyuki tanurini. Yakishafungwa ndani ya kioo, maji hayayawezi tena, na kioo husagwa kuwa unga wa kupaka mng'aro, yaani tabaka la kioo linalofunika chombo. Mng'aro mweupe ulidai zaidi, kwani risasi na bati zilichomwa pamoja mpaka zikawa unga.

Yuko atakayesema kwamba vipimo vikishaandikwa, siri yote imetoka, tena uchunguzi wa maabara umevithibitisha kwa sehemu kubwa. Lakini Abu'l-Qasim alikuwa mwandishi katika utawala wa Wamongolia, na aliandika kinachoandikika. Nguvu ya majivu hubadilika kwa mmea, ardhi na msimu; fungu lilelile la mwaka huu laweza kuharibu tanuri zima mwakani, na anayelijua ni yule aliyelichoma na kulijaribu. Wala kanuni haikuanzia kitabuni. Mitungi ya buluu-kijani kutoka Iraki, ambayo vigae vyake vimefukuliwa Shanga na Unguja Ukuu, miji ya kale ya pwani ya Waswahili, ilipakwa mng'aro wa magadi karne kadhaa kabla yake. Ni kweli kwamba si kila kitu kilitoka mikononi mwa wafinyanzi wa Kashan: kobalti ilichimbwa Qamsar, jirani na Kashan, na bati lililetwa kutoka mbali. Hata hivyo bati lilifika likiwa madini tu. Tanuri lao ndilo lililoligeuza kuwa weupe. Makumbusho yanayomsifu mchoraji peke yake yamemdhulumu mchoma majivu.