Ujuzi wa Kidijitali na Uchumi wa Mifugo katika Shule za Isiolo

Elimu ya teknolojia katika Kaunti ya Isiolo haiwezi kujadiliwa kando na mifugo. Kaunti hii ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 25,000 na, kwa mujibu wa sensa ya 2019, wakazi 268,002. Mji wa Isiolo una barabara ya lami inayofika Moyale, uwanja wa ndege, na nafasi katika LAPSSET, mradi wa ukanda wa uchukuzi uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012. Nje ya mji, katika kaunti ndogo za Merti na Garbatulla, riziki ya wengi ni ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Mwanafunzi wa huko anayefunzwa kutumia kishikwambi bila kuonyeshwa kinavyohusiana na malisho, maji na soko huandaliwa kwa kazi zilizo mbali naye, na zile zilizo karibu huwaendea wageni.

Mpango wa taifa wa vifaa vya kidijitali ulianza kama ahadi ya kampeni za 2013, wakati huo ikiwa ni vipakatalishi vya watoto wa darasa la kwanza. Ulipotekelezwa kuanzia 2016, wanafunzi walipata vishikwambi, nao walimu wakapata vipakatalishi na projekta. Nchini kote vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa. Idadi hiyo ikawa ndiyo kipimo cha mafanikio, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro: kifaa huhesabiwa kikishafika shuleni, hata kikifungiwa kabatini. Shule zilizo mbali na gridi ya taifa zilihitaji umeme kwanza. Isiolo ni miongoni mwa kaunti 14 zilizolengwa na mradi wa sola wa KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2017, baada ya vishikwambi kuanza kusambazwa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa rasmi 2019 badala ya mfumo wa 8-4-4, umeipa hoja ya kuunganisha teknolojia na mifugo uzito zaidi. Ujuzi wa kidijitali ni mojawapo ya umilisi wa kimsingi katika mtaala huo. Katika sekondari msingi, kompyuta na biashara zimeunganishwa na somo la ufundi wa awali. Kwenye karatasi mpangilio huo unaifaa Isiolo, kwa kuwa hesabu, sayansi, kilimo na biashara hukutana katika shughuli ambazo watoto wengi huziona nyumbani.

Biashara ya maziwa ya ngamia yatosha kuonyesha hilo. Wanawake wa Isiolo huyakusanya maziwa kutoka kwa wafugaji na kuyasafirisha kwa mabasi hadi Eastleigh, Nairobi, safari ya takribani kilomita 280. Maziwa yaliyoharibika katika mtungi mmoja yanaweza kuchachua ya mitungi mingine yakichanganywa. Vyombo hufukizwa kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike upesi, na maarifa hayo ya kina mama ni mada tosha ya sayansi. Laktomita hupima uzito wa maziwa kwa ujazo wake: maji yakiongezwa, kipimo hushuka. Usomaji wake hubadilika kulingana na joto, tena viwango vilivyowekwa kwa maziwa ya ng'ombe havifai kutumiwa vivi hivi kwa ya ngamia. Mwanafunzi anayepima asubuhi na adhuhuri, akaingiza matokeo kwenye lahajedwali na kuchora grafu, huwa amejifunza takwimu kwa namna ambayo zoezi la kuandika jina lake kwenye kompyuta haliwezi kumfunza.

Mfano wa pili ni bima ya mifugo. Bima inayotegemea faharasa ilianzishwa Marsabit mwaka 2010 kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kisha ikaenea katika kaunti nyingine za kaskazini, Isiolo ikiwemo. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa bila mkaguzi kuja kuhesabu mizoga. Ila ukijani si malisho. Mathenge, mti uliopandwa Kenya ili kukabiliana na ukame na ambao sasa umevamia maeneo mengi kame, hubaki kijani wakati nyasi zimekauka. Mtoto aliyechunga mbuzi huujua mti huo kwa miba yake, lakini setilaiti haioni miba. Kijana anayejua malisho na pia kuchakata picha za setilaiti anaweza kuukosoa mfumo wa bima kwa hoja, jambo ambalo mtaalamu wa Nairobi asiyeijua nyika hawezi kulifanya peke yake.

Jaribio la kuunganisha maarifa ya wafugaji na teknolojia limewahi kufanyika, japo nje ya shule. Miaka ya 2010 wazee wa dedha, baraza la Waborana linalosimamia malisho na visima, walishirikiana na wataalamu kuchora ramani za kidijitali za maeneo ya malisho ya masika, ya kiangazi na ya akiba ya ukame.

Pingamizi hapa ni kwamba elimu ya namna hii itamfunga mtoto wa mfugaji katika ufugaji. Hofu hiyo ina msingi, hasa kwa eneo lililoachwa nyuma na sera ya serikali ya 1965 iliyoelekeza rasilimali kwenye maeneo yenye rutuba. Lakini kuchambua data, kusoma ramani na kurekebisha mfumo wa sola ni ujuzi unaohama na mwenye nao. Anayeupata kupitia maziwa ataweza kuutumia hospitalini au benki.

Kizuizi kikubwa zaidi kimo katika tathmini. Nafasi ya kujiunga na sekondari pevu huamuliwa kwa mtihani wa Gredi ya 6 kwa asilimia 20, tathmini ya shuleni katika Gredi ya 7 na 8 kwa asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 9 kwa asilimia 60. Miradi ingeweza kuingia katika ile asilimia 20 ya shuleni, lakini majukumu yake hutolewa na Baraza la Mitihani kwa nchi nzima. Mwalimu wa Merti akitaka wanafunzi wapime maziwa badala ya kitu kingine, anahitaji majukumu yanayotaja umilisi unaopimwa na kuiachia shule ichague data.