Kadi ya mkono ni ipi hasa? Habari za Esther Howland na meza yake

Kuna hoja nimeisikia mara nyingi kwenye vikao vya harusi hapa mjini, na kila nikiisikia inanikera. Dada anayetengeneza kadi analeta sampuli. Kamati inazipitisha mkono kwa mkono, wanasifia utepe, wanasifia maua, kisha anatokea mjumbe mmoja (hakosekani!) na kusema: "Lakini hivi vipande si umevinunua vimeshakatwa? Wewe umebandika tu. Punguza bei." Basi pale bei inashushwa, na dada wa watu anakubali kwa sababu kodi ya fremu inamsubiri.

Swali la mjumbe yule lina umri mkubwa kuliko anavyodhani. Kadi ambayo mashine imekata na mkono ukaunganisha ndiyo iliyoijenga biashara ya kadi tangu karne ya 19, na aliyeonyesha kwamba huko kubandika ni kazi yenye fedha alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Aliitwa Esther Howland.

Kabla ya kufika kwake, turudi nyuma kidogo. Kadi zisingekuwa biashara kama posta ingebaki ghali. Uingereza ilianzisha nauli moja ya senti moja, ile iliyoitwa peni, mwaka 1840, na mwaka huohuo ikatoa stempu ya kwanza ya kubandika duniani. Miaka mitatu baadaye, Henry Cole, ofisa wa serikali aliyeshiriki katika mageuzi yale ya posta, alimpa kazi mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya Krismasi. Zilichapwa nakala kama 1,000 hivi, zikapakwa rangi kwa mkono moja moja, na zilizobaki zikauzwa kwa shilingi moja. Marekani nayo ilishusha nauli mwaka 1845: barua nyepesi ikawa senti 5 ndani ya maili 300, na mwaka 1851 ikashuka hadi senti 3 kwa anayelipia mapema.

Sehemu ya pili ya habari hii ni karatasi yenyewe. Waingereza walikuwa mabingwa wa karatasi ya lesi. Karatasi iligandamizwa juu ya bamba la chuma lenye nakshi, nakshi ikajitokeza, kisha vile vilima vikasuguliwa mpaka vikatoboka. Kilichobaki kinaonekana kama kitambaa cha lesi. Nikitazama picha za karatasi hizo nakumbuka vifuniko vya kadi za harusi tunazopokea siku hizi, vile vilivyotobolewa maua kwa miale ya leza. Chombo kimebadilika, lakini ule uzuri wa tundu ni uleule.

Sasa tuje kwa Esther. Alizaliwa Worcester mwaka 1828, baba yake akiwa na duka kubwa la vitabu na vifaa vya kuandikia. Mwaka 1847 alimaliza masomo Mount Holyoke, shule ya wasichana iliyoanzishwa na Mary Lyon miaka kumi kabla. (Hapa lazima nichomekee jambo. Februari 1848, mshairi Emily Dickinson akiwa mwanafunzi hapohapo, alimwandikia kaka yake kwamba Mary Lyon alisimama ukumbini na kuwapiga marufuku wasichana kutuma vijikaratasi hivyo vya kipuuzi vya Valentine. Mhitimu wa shule hiyohiyo akaja kutajirika navyo!)

Baada ya masomo, Esther alipata kadi ya Valentine iliyotoka Uingereza, yenye lesi na maua. Aliitazama akaona kwamba yeye anaweza kutengeneza nzuri zaidi. Akamwomba baba yake aagize karatasi za lesi na picha za rangi kutoka ng'ambo, akatengeneza sampuli dazeni moja hivi, akampa kaka yake aliyekuwa akizunguka mikoani kuuza bidhaa za duka. Inasimuliwa kwamba yeye alitarajia oda za dola 200. Kaka yake alirudi na oda za zaidi ya dola 5,000.

Hebu fikiria hali hiyo. Una dazeni moja mezani, na watu wanataka maelfu.

Alichofanya ndicho kinachonifanya niandike makala hii. Aliwaita rafiki zake nyumbani kwao, akapanga meza ndefu, akagawa kazi. Mmoja alikata picha kutoka kwenye karatasi kubwa. Mwingine alipanga karatasi za chini. Wengine walibandika lesi, tabaka juu ya tabaka, kila mmoja akifuata sampuli ambayo Esther mwenyewe ameibuni. Kadi ilisafiri kutoka mkono hadi mkono na mwisho wa meza ilikuwa imekamilika. Henry Ford alifunga mstari wake wa kuunganisha magari mwaka 1913. Kina dada wa Worcester walikuwa wameshazoea mtindo wa kupokezana kazi zaidi ya miaka sitini kabla yake. Sisemi kwamba Esther ndiye wa kwanza duniani kugawa kazi, la hasha. Nasema kwamba tunapozungumzia viwanda, akili zetu hukimbilia chuma na moshi, wala hatufikirii sebule yenye gundi na mikasi.

Februari 1850 tangazo lake lilikuwa tayari gazetini. Biashara ilipokua, sebule haikutosha. Wanawake wengine walifanyia kazi majumbani kwao: walipelekewa boksi lenye vipande vyote vinavyohitajika pamoja na mfano wa kuigiza, na baada ya wiki gari la farasi linapita kuyakusanya. Esther alikagua kila kitu mwenyewe. Mwaka 1866 aliumia goti, na kwa muda akaendesha kazi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Inasemekana mauzo yalifika dola 100,000 kwa mwaka, fedha za kutisha kwa zama zile.

Je, alibandika tu? Vipande vilikuwa vya kununua, tena vya kuagiza kutoka ng'ambo. Vile vipicha vya maua, ndege na malaika wadogo vilikuwa hasa bidhaa ya Wajerumani. Vilichapwa rangi moja baada ya nyingine, kila rangi na jiwe lake, vikagandamizwa ili vivimbe, kisha vikakatwa kwa kisu cha chuma kilichopindwa kufuata umbo la picha. Mkono wa Esther haukugusa hata hatua moja ya hizo. Kilichokuwa chake ni kuona. Aliweka kipande cha karatasi yenye rangi kali chini ya lesi nyeupe ili matundu yang'ae. Alikunja vijikaratasi mithili ya kinanda cha mkono na kuvificha chini ya tabaka ili lesi isimame juu, kadi iwe na kina. Mwaka 1879 alitoa kijitabu chenye beti 131, ili mnunuzi asiyependa ubeti uliomo ndani ya kadi achague mwingine na kuubandika juu yake. Hayo hayauzwi dukani kwa dazeni.

Mwaka 1881 aliiuza biashara kwa George C. Whitney wa hapohapo Worcester, ili amuuguze baba yake. Hakuolewa, na alifariki mwaka 1904. Waandishi wengi wanapenda kulisisitiza hilo la kutoolewa, eti mama wa kadi za mapenzi hakupata mume. Mimi naona tungeuliza kwanza kama aliwahi kumtaka. Whitney yeye alinunua mashine za kutengenezea lesi na nakshi ili aache kuagiza Uingereza, na kampuni yake ikadumu hadi 1942, uhaba wa karatasi wakati wa vita ulipoifunga.

Kadi za viwandani zikatawala, lakini meza ya nyumbani haikufa. Safari hii ilirudi na mpira. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki kwa joto wala kukakamaa kwa baridi, akapata hataza mwaka 1844. Mihuri ya mpira ikafuata ofisini, na mafundi wake wa mwanzo walitumia matanuri ya madaktari wa meno, yaliyokuwa ya kuokea meno ya bandia. Ilichukua zaidi ya karne muhuri huo kutoka mikononi mwa karani na kuwa chombo cha urembo. Kampuni ya Stampin' Up! ilianza Marekani mwaka 1988 kwa kuuza mihuri kupitia wanawake waliowaalika wenzao nyumbani: meza, gundi, soga. Esther angeitambua meza hiyo mara moja.

Na ujuzi haukupungua kwa kuwa muhuri umenunuliwa. Wino mwepesi hunyonywa na karatasi na kukauka upesi. Wino mzito hukaa juu ya karatasi na kuchelewa kukauka, ndiyo maana unaweza kuunyunyizia unga maalumu, ukapasha moto, na maandishi yakavimba yanang'aa kama dhahabu. Ukikosea karatasi, wino unatambaa. Ukiganda­miza muhuri kwa pupa, kingo zake zinaacha madoa. Dada yule wa kamati anayajua haya yote kwa kuharibu karatasi zake mwenyewe, na gharama hiyo haimo kwenye ile bei mnayomshushia.

Wakusanyaji wa kadi za kale wanapotaka kujua kama wameshika kadi ya Howland, huigeuza nyuma na kutafuta herufi H ndogo yenye rangi nyekundu. Kadi za Whitney nazo zina W. Wale kina dada waliokaa mezani, na wale waliopelekewa maboksi majumbani, hawana herufi yao.