Safari Zilizozaa Peponi

Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakuweza kurudi hadi 1984, muda mfupi kabla baba yake hajafariki. Karibu na mwaka 1990 alisafiri tena Afrika Mashariki, mara hii kwa utafiti. Matokeo yake ni Paradise, riwaya iliyotoka 1994 na kufika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Tangu 2022 tunaisoma kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Ni rahisi kudhani mwandishi aliona milima na maziwa, akarudi Uingereza, akaandika. Lakini ndani ya riwaya hii mna safari za watu wengine pia. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anafuata msafara wa tajiri Aziz hadi bara, ambako chifu Chatu anawanyang'anya mali. Wahakiki wameonyesha jinsi tukio hilo linavyokaribiana na simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande, mmoja wa Waswahili ambao habari za safari zao zilichapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901.

Msafara wa Aziz haupiti Songea. Njia yetu ilikuwa ya kusini, kutoka Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa. Huko Kikole, mkoani Ruvuma, Rashid bin Masoud alifanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na Wangoni wenyewe waliuza mateka wa vita.

Ndiyo maana riwaya hii hunisumbua. Wafanyabiashara wake huwaita watu wa bara washenzi, nami, mjukuu wa hao washenzi, ningependa kusimama tu upande wa walioonewa. Gurnah haniachii nafasi hiyo. Aziz ni mpole, na bado anachukua watoto wa wadeni wake. Chatu anapora, lakini alishadhulumiwa na wafanyabiashara waliotangulia.

Mwishoni, vita vikikaribia, Yusuf anakimbilia safu ya askari wa Wajerumani. Msomaji wa mbali anaweza kuona hapo kijana anayetafuta njia ya kutoka. Hapa Songea, kila Februari 27, tunawakumbuka mashujaa 67 wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906. Waliowasindikiza kwenye kitanzi walikuwa askari, wengi wao Waafrika kama Yusuf.