Mwanya si Pengo

Kiswahili ni lugha tajiri katika mambo ya kinywa. Nafasi inayoachwa na jino lililong'oka huitwa pengo. Nafasi ya kuzaliwa kati ya meno mawili ya mbele huitwa mwanya. Pengo ni hasara, mwanya ni pambo. Mwenye pengo huziba mdomo kwa kiganja anapocheka, lakini mwenye mwanya tangu zamani amesifiwa, akaimbwa na kuposwa kwa ajili yake. Tena neno hilo hilo lina maana ya fursa: aliyepata nafasi ya kufanya jambo husema amepata mwanya. Madaktari wa meno wao huuita dayastema, nao wanazo njia kadhaa za kuuziba. Kati ya pambo hilo na uzibaji huo kuna historia ndefu, na sehemu yake imepita hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Viktoria.

Si kila mtu huzaliwa na mwanya, na wazee wetu hawakukubali kunyimwa. Mwingereza Richard Burton, aliyekaa Kaze, karibu na Tabora ya leo, katika safari yake ya 1857 hadi 1859, aliandika kwamba Wanyamwezi walikuwa wakimega kwa chuma pembe za ndani za meno mawili ya juu ya mbele, ikabaki nafasi yenye umbo la pembetatu. Mwenzake, John Speke, ndiye aliyeendelea kaskazini akaliona ziwa letu hapa Mwanza mnamo Agosti 1858. Kwa Wasukuma, ndugu wa Wanyamwezi, alama hiyo haikuwa ngeni. Bibi yangu mzaa baba alikuwa nayo. Nilipomwuliza kama iliuma, alinijibu, "Mjukuu wangu, uzuri gani usiouma?" Lakini uzeeni meno hayo mawili ndiyo yaliyomtesa kwanza: maji ya baridi hakuyaweza, na muwa aliutafuna kwa upande.

Majirani zetu Wajaluo, upande wa Shirati na ng'ambo ya mpaka huko Kenya, walikwenda mbali zaidi. Wao waling'oa meno sita ya mbele ya chini ili kijana ahesabiwe mtu mzima na atambulikane kuwa ni wao. Wengine walieleza pia kwamba mtu akishikwa na pepopunda na taya zikakaza, uji ungeweza kupitishwa hapo. Shule, misheni na maisha ya mjini vilipoenea katika karne ya 20, desturi hizo zilififia. Siwasimangi waliozifuata. Nasema tu kwamba jino lilikuwa kitambulisho, na kitambulisho hicho kililipiwa kwa jino zima lisilokuwa na ugonjwa wowote.

Sasa tazama upande wa pili wa biashara. Wapagazi Wanyamwezi na Wasukuma walibeba pembe za ndovu mabegani hadi pwani, zikavuka bahari na kugeuzwa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Huko Ulaya na Marekani meno ya bandia yalichongwa kwa pembe, na hasa kwa jino la kiboko, ambalo lilipendwa kwa ugumu wake. Hata George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa meno ya namna hiyo. Nasi tuna methali isemayo kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Waliyoitunga walijua kwamba cha kuazima hakifikii cha asili.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Karibu na miaka hiyo, huko California, daktari wa meno Charles Pincus alikuwa akiwabandikia wacheza sinema magamba membamba juu ya meno yao ili wapendeze mbele ya kamera. Magamba hayo yalishikizwa kwa muda tu. Picha ikiisha, yanabanduliwa. Mwaka 1955 Mmarekani mwingine, Michael Buonocore, alionyesha kwamba enameli, yaani ganda gumu la jino, ikipakwa asidi huparuzika kiasi cha kushikana imara na plastiki. Mnamo 1983 Richard Simonsen na John Calamia wakaeleza jinsi ya kuiparuza kauri yenyewe kwa asidi ili igandamane na jino. Ndipo pambo la sinema likawa tiba ya kudumu, nayo ikaitwa vinia.

Mtoto wa ndugu yangu, anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, alinijia akitaka ushauri. Harusi yake ilikuwa imekaribia, naye alitaka kuziba mwanya aliorithi kwa mama yake. "Baba mdogo," alisema, "kwenye picha naonekana kama nina pengo." Neno hilo lilinichoma. Sikumkataza, maana kinywa ni chake. Nilimweleza yale ninayoyajua.

Nilimwambia kwamba ili vinia ikae vizuri, mara nyingi daktari hukwangua enameli kiasi cha nusu milimita, na enameli haioti tena. Vinia yenyewe huweza kudumu miaka kumi na zaidi, kisha hubadilishwa, na gharama hurudi. Mwanya ukiwa mpana, meno yatalazimika kuwa mapana kama majembe, na hapo ni heri nyaya za kuyasogeza. Iko pia njia ya kuongeza plastiki ngumu yenye rangi ya jino, mara nyingi bila kukwangua. Na kama meno yanaachana ukubwani, ilhali zamani yalishikana, huenda fizi zinaugua, na ugonjwa hauponi kwa kufunikwa. Ama mtoto wa miaka minane asipelekwe kokote kwa haraka: mara nyingi mwanya wake hujifunga wenyewe meno ya chonge yanapoota, kwenye miaka 11 au 12.

Alikwenda kufikiri, nami nikabaki nikifikiri pia. Bibi alimegwa jino ili awe na mwanya. Mjukuu anataka kukwanguliwa jino ili asiwe nao. Chuma kimekuwa mashine, maumivu yamepewa ganzi, lakini malipo ni yale yale: sehemu ya jino zima inatolewa ili mtu afanane na watu fulani. Bibi aliwajua aliotaka kufanana nao. Walikuwa jirani zake. Sisi je, tunawajua wetu, au tumewaona kwenye picha tu?

Anayeziba pengo anajitibu, na apewe heshima yake. Anayeziba mwanya anachagua, na kuchagua si dhambi. Ila asichague kwa kuwa amesahau kwamba hayo ni maneno mawili.