Goti Si Mlango

Somo letu leo ni historia ya goti la kutengenezwa, nayo yaanza na pembe ya ndovu.

Katika karne ya 19 wapagazi walikatiza Ugogo na pembe mabegani, wakishuka Bagamoyo. Huko Ulaya pembe zilipamba vinanda. Mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck wa Berlin alizitumia kwa kazi nyingine: alitengeneza goti la pembe, lenye bawaba, akamtia mgonjwa mwenye kifua kikuu cha goti. Halikudumu, usaha uliliharibu.

Miaka ya 1950 Walldius wa Uswidi na Shiers wa Uingereza walitumia bawaba za chuma. Lakini goti si mlango. Ukilikunja, hujizungusha kidogo. Bawaba haikubali, basi ilivutana na mfupa hata ikalegea.

Ni nini hasa kilishikacho goti? Ni kano, yaani zile kamba ngumu zifungazo mfupa kwa mfupa. Mtazame mzee mwenye matege. Goti limelika upande wa ndani. Kano za ndani zimejikaza, za nje zimelegea. Ukinyoosha mfupa tu, umefanya nusu ya kazi. Hata kitanda cha kamba, ukikaza upande mmoja na kuacha wa pili, hakikai sawa.

Haya yalikazaniwa katika miaka ya 1970 na Michael Freeman wa London na John Insall wa New York. Daktari hukata mfupa kwa kipimo, kisha hulegeza kano za ndani kidogo kidogo. Hupima nafasi mguu ukiwa umenyooka, akapima tena ukiwa umekunjwa. Nafasi hizo sharti zilingane, ndani na nje. Ndipo huweka chuma, na plastiki ngumu katikati. Akilegeza mno, goti huyumba. Akiogopa kulegeza, mguu hubaki umepinda na plastiki hulika upande mmoja. Watu huogopa msumeno. Mimi naona kulegeza kano ndiko kugumu zaidi.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa hapa Dodoma mwaka 2015, hubadilisha magoti. Bibi yako akiambiwa goti lake libadilishwe, nenda naye, umwulize daktari: mguu umepinda upande gani, na kano zitalinganishwaje?

Sasa mwalimu ataandika ubaoni: goti, kano, matege.