Rybinsk: Mji Uliolelewa na Maji Mafupi

Kila inaporudi tarehe 13 Aprili, ubishi uleule kuhusu bwawa hufufuka mjini Rybinsk, mkoa wa Yaroslavl, kaskazini mwa Moscow. Siku hiyo mwaka 1941 uwazi wa mwisho katika ukuta wa bwawa ulizibwa, na mto Volga ukaanza kutanda juu ya mashamba, misitu na mji jirani wa Mologa. Waandishi wa mbali wanaoutaja Rybinsk hupenda zaidi kichekesho cha majina: 1946 ukaitwa Shcherbakov, 1957 ukarudishiwa jina lake, 1984 ukaitwa Andropov, 1989 ukarudishiwa tena. Ni habari tamu, ila haielezi kitu. Vibao vilibadilishwa, watu wakaendelea kwenda kazini. Kilichougeuza mji huu ni kina cha mto. Rybinsk ulitajirika kwa sababu maji ya hapo yalikuwa mafupi, na serikali ilipoyafanya marefu, ilifuta ile haja iliyowasimamisha watu na mizigo yao mahali hapo.

Zamani palikuwa na makazi ya wavuvi waliopeleka samaki kwenye meza ya tsar, na mwaka 1777 Catherine wa Pili akayapa hadhi ya mji. Fedha yenyewe ililetwa na nafaka. Matishali makubwa yaliyopanda kutoka kusini yakifika Rybinsk yalikwama, kwa kuwa juu ya hapo Volga haikuwa na kina cha kuyabeba. Kila gunia ilibidi lishushwe na kupakiwa upya kwenye vyombo vidogo vilivyopita mifereji kwenda Petersburg. Njia ya Vyshny Volochyok ilikuwapo tangu enzi za Peter Mkuu. Ya Mariinsky ikafunguliwa 1810, ya Tikhvin 1811, zote tatu zikianzia hapo. Msimu wa kiangazi mji ulifurika makumi ya maelfu ya makuli, madalali na wale maskini waliovuta matishali kwa kamba kifuani, wakitembea ukingoni dhidi ya mkondo. Jumba la soko la nafaka la mwaka 1912, lenye vigae vya rangi, bado limesimama kando ya mto. Leo ni makumbusho.

Atatokea wa kusema kwamba reli ndiyo iliyoumaliza mji, si bwawa. Hoja hiyo haisimami. Reli ya Rybinsk hadi Bologoye ya mwaka 1870 ilianzia gatini penyewe: mzigo uliendelea kushushwa Rybinsk, safari hii ukipakiwa kwenye mabehewa. Wavuta matishali walipoteza kazi kwa meli za mvuke, lakini mji haukupoteza nafasi yake.

Bwawa ni jambo jingine. Mpango wa mwaka 1935 ulikusudia maji yafike mita 98 juu ya usawa wa bahari. Baadaye kipimo kikapandishwa hadi 102. Mita nne tu, ila katika nchi tambarare kama ile ziliongeza eneo la mafuriko karibu maradufu, na Mologa, uliokuwa juu kidogo ya mstari wa kwanza, ukaingia ndani ya mstari wa pili. Kazi ilifanywa na wafungwa wa kambi ya Volgolag. Watu wapatao 130,000 walihamishwa. Nyumba zao za magogo zilibomolewa, zikafungwa kuwa chelezo na kuelea hadi makazi mapya, nyingi zikiishia Rybinsk. Makumbusho ya Mologa, yaliyofunguliwa mjini hapo mwaka 1995, yamehifadhi vyombo, picha na kumbukumbu za watu hao, na ndiyo yanayoshikilia kwamba masimulizi ya msiba yaanzie kwao. Makala nyingi, hata hivyo, huanzia kwenye waraka unaodaiwa kuwa wa afisa wa Volgolag, usemao kwamba watu 294 waligoma kuondoka na wengine wakajifunga kwa minyororo ili wafe na nyumba zao. Masimulizi haya yameenea mno, na wanahistoria wanayatilia shaka kwa sababu nzito. Mji wa Mologa ulianza kuhamishwa miaka kadhaa kabla ya 1941, na maji hayakuja kwa kishindo: yalipanda pole pole, yakafika kipimo kamili mwaka 1947. Mnyororo ungehitaji subira ya ajabu. Ubaya wa hadithi hii ni kwamba inawafanya mashujaa 294 wasiothibitishwa wawafunike maelfu waliopewa amri, wakafunga virago na kutii.

Watetezi wa bwawa wana karata yao: mtambo wa kwanza wa umeme uliwashwa Novemba 1941, Wajerumani wakiwa karibu na Moscow, na nishati ile ilisaidia viwanda vya mji mkuu. Ni kweli, wala si jambo dogo. Lakini mtambo ulizunguka maji yakiwa chini kabisa ya mita 102. Umeme wa siku zile za hatari haukudai zile mita nne zilizoimeza Mologa, kwa hiyo vita haviwezi kulipa deni lake.

Rybinsk wenyewe uliishi kwa kiwanda kilichoanzishwa 1916 na kampuni ya Renault ya Urusi, ambacho baadaye kilitengeneza injini za ndege. Hadi vikwazo vya 2022 kilishirikiana na Wafaransa kuunda injini ya ndege ya Superjet. Meli za mizigo sasa hupita kwenye malango ya bwawa bila kushusha hata gunia. Wakazi, waliozidi laki mbili na nusu mwishoni mwa enzi ya Kisovieti, wamepungua chini ya laki mbili, na halmashauri imepamba mitaa ya kati kwa vibao vya maduka vya mtindo wa zama za tsar ili kuvutia watalii wa mtoni. Vibao vinapendeza, ingawa vinawasifia wafanyabiashara walioondoka pamoja na maji mafupi.

Wapo wanaotaka bwawa lishushwe ili Mologa ifufuke. Wastani wa kina cha bwawa hauzidi mita sita, na katika ukame wa 2014 misingi ya nyumba ilijitokeza, watu wakaenda kwa boti kukanyaga mitaa ya babu zao. Ila kushusha maji kungeacha tambarare kubwa ya tope na kuikata Cherepovets, yenye kiwanda kikubwa cha chuma, isifikiwe na meli kubwa. Nafaka nayo isingerudi Rybinsk: siku hizi inasafiri kwa treni na malori.